Baba Alipouliza Nani Amemwagia Gari Lake Unga

ILIKUWA Jumapili moja ya Januari 2023, saa nane mchana, na jua la Kajiado lilikuwa likichoma kana kwamba linatudai. Tulikuwa tumemaliza kula. Baba akamwita mwanangu wa miaka sita, akamwambia: "Njoo unishike mkono, mjukuu wangu. Nipeleke nikalisalimie gari langu."

Mimi, mama na kaka yangu tulitazamana. Hakuna aliyesema neno.

Baba haoni. Presha ya macho ilimnyang'anya macho yote mawili kufikia 2014, na tangu mwaka huo Peugeot 504 yake ilikuwa haijatoka nyuma ya stoo. Kila alipouliza, tulimwambia limefunikwa kwa turubai. Ukweli ni kwamba turubai hilo lilichanwachanwa na upepo kabla mwaka wa pili kwisha, na hakuna aliyejisumbua kununua jingine.

Mtoto alimfikisha. Baba akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha taratibu kama mtu anayempapasa fahali wake. Kisha akasugua vidole vyake.

"Nani amemwagia gari langu unga?" akauliza.

Haukuwa unga, msomaji. Ilikuwa rangi ya gari lenyewe, iliyokufa ikageuka vumbi. Gari lililokuwa jekundu la kuiva lilikuwa limepauka hadi likawa na rangi ya waridi, na paa lake lilikuwa jeupe kama limepakwa majivu. Watoto wa jirani walikwisha kulipa jina: "gari la sabuni".

Baba hakungoja jibu. Aligeuka, akaomba arudishwe kwenye kiti chake, na jioni yote hakusema lolote zaidi.

Mkopo wa ushirika

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Gari hilo alilinunua 1988 kwa mkopo wa chama cha ushirika, likiwa tayari limetumiwa na mtu mwingine. Mimi nilizaliwa miaka miwili baadaye, kwa hivyo naweza kusema kwamba Peugeot ndiye mtoto aliyenitangulia.

Wasomaji wa rika la baba hawahitaji kuelezwa Peugeot, au "Pijo" kama watu wa kwetu wanavyoiita. Ndiyo iliyobeba abiria wa safari ndefu katika nchi hii kabla ya Nissan kutawala barabara. Ndiyo iliyomletea Ove Andersson wa Uswidi ushindi wa Safari Rally 1975, na 1978 Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504. Baba alizifuata mbio hizo kwa redio, na alipopata gari lake mwenyewe jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kubandika stika ya mviringo ya Safari Rally kwenye buti. Mama alimwambia amepoteza pesa. Baba alimjibu kwamba gari bila stika ni sawa na mwalimu bila chaki.

Kila Jumamosi alilipangusa. Sisi watoto tulipewa matambara na tukapangiwa sehemu: kaka milango, mimi magurudumu. Paa na boneti alikuwa akifanya mwenyewe.

Sasa turudi kwa ile Jumapili. Kaka yangu alikuwa na sababu ya kunyamaza. Ukame uliomaliza mifugo katika kaunti yetu hadi mwishoni mwa 2022 ulikuwa umetuachia ng'ombe wawili kati ya kumi na mmoja. Mama alitaka tangi kubwa la maji, ili mvua ikinyesha tuweze kuyahifadhi. Kaka alikuwa amezungumza na mnunuzi wa vyuma kuukuu, ambaye alikuja, akalizunguka gari mara moja, akatoa bei: shilingi 38,000. Angelikata vipande palepale uani na kulipakia kwenye lori.

"Dadangu, tufanyeje?" kaka aliniuliza usiku huo. "Lile si gari tena. Wewe mwenyewe umeona rangi."

Mama naye akasema: "Mwanangu, watu hawanywi Peugeot."

Hawakuwa na makosa. Hata hivyo, niliwaomba miezi mitatu. Niliwaambia kwamba gari likipata rangi na injini ikaguruma, halitauzwa kwa kilo. Mimi ni mwandishi wa magazeti, si makanika, na siku hiyo sikujua hata tofauti ya polishi na nta. Nilichojua ni kwamba nilikuwa miongoni mwa waliomdanganya baba kuhusu turubai.

Mafuta ya kupikia

Makanika wa Kajiado alisafisha kabureta, akaweka betri mpya na magurudumu manne ya mtumba, kwani yale ya zamani yalikuwa yamepasuka kwa jua. Nikalipia bima ya mwezi mmoja. Siku injini ilipowaka, moshi ulitanda hadi kuku wakakimbia, lakini iliwaka. Tukaliendesha polepole, kama kilomita 50 za barabara ya Namanga kupitia Isinya, hadi nyumbani kwangu Kitengela.

Hapo ndipo nilipoanza kufanya makosa, na nitayataja yote ili wewe usiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa kuliosha kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo, juani, kwa maji ya kisima. Wanaoishi Kitengela wanayajua maji yetu ya visima: mengi yana chumvi. Yalikauka kabla sijayafuta, yakaacha madoa meupe juu ya rangi ambayo tayari ilikuwa nyeupe.

Kosa la pili lilitokana na ushauri wa jirani. Alisema rangi iliyopauka hupakwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na dizeli kidogo. Nilipaka, na lo! Gari liling'aa kama limetoka dukani. Nililipiga picha, nikamtumia kaka. Siku ya tatu lilikuwa limekusanya vumbi lote la barabara ya Namanga, na vumbi hilo likaganda kwenye mafuta. Nilitumia siku nzima kuliondoa. Chini yake rangi ilikuwa ileile iliyokufa.

Kosa la tatu ndilo lililoniuma zaidi. Niliingia gereji moja ya kando ya barabara, nikaulizia bei. Kijana aliyenipokea alisema kulipuliza gari zima rangi mpya ni shilingi 85,000. Sikuwa nazo. Akasema basi ataling'arisha kwa mashine kwa 6,000. Alichomeka mashine kwenye umeme, akaizungusha kwa kasi yote, akaikandamiza kwenye ukingo wa boneti. Haikupita dakika moja. Nikaona mstari wa kijivu ukijitokeza, mrefu kama kiganja changu.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Ni praima, madam," akajibu. "Rangi yenu ilikuwa imeisha."

Nililia ndani ya gari. Sioni haya kulisema.

Tambara la mzee

Mwenye duka la rangi karibu na soko la Noonkopir ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja aliyewahi kupuliza rangi magari kwa miaka mingi katika Eneo la Viwandani, Nairobi, na ambaye sasa anafuga kuku Kitengela. Nilimkuta akijaza maji kwenye vyombo vya kuku. Hakuharakisha. Aliliangalia gari, akagusa ule mstari wa kijivu, akatikisa kichwa.

"Mzee, linaweza kupona?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza tulipime," akasema.

Alichukua tambara jeupe, akaweka tone la polishi, akasugua mlango kwa nguvu kidogo mahali padogo. Alipoligeuza tambara, lilikuwa jekundu kama limefuta nyanya.

"Una bahati, msichana wangu," akaniambia. "Rangi hii haina kliya."

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza vizuri kuliko walimu wangu wengi. Magari mengi ya zamani yenye rangi moja isiyo na chengachenga za kumeta yalipakwa rangi ya tabaka moja juu ya praima. Rangi yenyewe ndiyo iliyong'aa, ndiyo pia iliyopigwa na jua. Magari mengi ya siku hizi, yakiwamo ya mitumba tunayoagiza kutoka Japani, huwa na rangi nyembamba chini na juu yake tabaka angavu kama kioo, ambalo mafundi huliita kliya. Kazi ya kliya ni kung'aa na kuzuia jua.

Ukisugua mahali padogo kwa polishi na tambara likapata rangi ya gari, gari lako ni la tabaka moja. Tambara likibaki jeupe au likapata uchafu wa kijivu tu, una kliya.

Mbona kipimo hicho ni muhimu? Kwa sababu rangi ya tabaka moja hufa kutoka juu kwenda chini. Miale mikali ya jua huvunja ile gundi inayoshikilia chembe za rangi, hewa ikasaidia kuila, na chembe zikabaki juu bila kushikwa na kitu. Huo ndio "unga" alioushika baba. Ukiuondoa kwa uangalifu, chini yake mara nyingi kuna rangi iliyo hai bado.

Kliya hufuata njia nyingine. Ikififia tu, inaweza kung'arishwa. Lakini ikianza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, hakuna polishi duniani itakayoirudisha. Sehemu hiyo lazima ipigwe msasa na ipulizwe upya. Anayekuuzia chupa ya kutibu kliya iliyobambuka anakuuzia wiki mbili za furaha.

Nilikaa kimya nikimfikiria baba. Daktari alitueleza zamani kwamba mtoto wa jicho anaweza kuondolewa na mtu akaona tena, lakini kilichoharibiwa na presha ya macho hakirudi. Kumbe hata kwenye rangi ni hivyo hivyo. Kabla ya kutoa pesa, jua kama kilichopo kimefunikwa au kimekwisha.

Jua letu si la mchezo

Nilimuuliza mzee kwa nini gari letu limeharibika hivyo ilhali limesimama tu. Akacheka. Kusimama ndiko kulikoliua.

Mji wa Kajiado uko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta na umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyembamba kuliko pwani, kwa hivyo miale mikali hutufikia ikiwa na nguvu zaidi. Gari linaloegeshwa upande uleule kila siku hupigwa mahali palepale, na paa, boneti na buti ndivyo huumia kwanza kwa kuwa vimelala vikitazama jua. Milango husalimika kidogo. Aidha, rangi nyekundu ina sifa mbaya ya kupauka haraka kuliko nyingi.

Ongeza vumbi. Ukipangusa vumbi kavu kwa tambara kavu, unakwaruza. Turubai likipigapiga kwa upepo juu ya gari lenye vumbi, hufanya kazi ya msasa. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti huila rangi vikiachwa juani. Nasi wa upande wa Kitengela na Athi River, ambako kuna viwanda vya saruji, tunajua kwamba vumbi la saruji likipata umande hugandamana. Linahitaji kuondolewa kwa maji mengi kabla ya kuguswa na tambara.

Jumamosi tano

Mzee alikubali kunifundisha kwa shilingi 15,000, kwa sharti moja: kazi nifanye mimi, yeye akae kwenye kiti. Kwa Jumamosi tano nilifika kwake saa moja asubuhi.

Kwanza tuliliosha gari kivulini, kwa sabuni ya majimaji isiyo kali na maji ya mvua kutoka kwenye pipa lake. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi.

Kisha akanipa kipande cha udongo maalumu wa kusafishia rangi, laini kama unga wa chapati. Unauteleza juu ya rangi iliyolowa, nao unang'oa uchafu ulionasa ambao sabuni haikuuweza. Ukianguka chini, utupe, kwa maana utakuwa umebeba mchanga.

Baada ya hapo alinifanya nipake gari zima polishi yenye mafuta mengi, nzito, na kuiacha usiku kucha. Nilimkumbusha kisa cha mafuta ya kupikia. Akasema hii ni tofauti, imetengenezwa kwa ajili ya rangi. Inalainisha rangi iliyokauka ili isivunjike ikisuguliwa. Asubuhi yake sehemu nyingi zilikuwa zimeyanywa mafuta yote kama ardhi ya ukame.

Ndipo tukaanza kukata, yaani kuondoa rangi iliyokufa kwa polishi yenye chenga. Kabla ya yote tulibandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote na kwenye mistari ya mwili wa gari, mahali rangi huwa nyembamba zaidi. Hapo ndipo yule kijana alipoharibu. Rangi yote ya gari, pamoja na praima, kwa kawaida haizidi sana unene wa nywele moja au mbili za binadamu. Usiikandamize kama unayesugua sufuria.

Nilifanya kwa mkono, sehemu ndogo ndogo, kila moja sawa na gazeti lililokunjwa. Unasugua, unafuta, unatazama. Tambara likijaa, unabadilisha. Mwanzoni kila tambara lilipogeuka jekundu moyo ulinidunda.

"Usiogope nyekundu," mzee aliniambia. "Hiyo ni maiti, iache iende. Ukiona kijivu, simama hapo hapo."

Alinisisitizia glavu, kwa sababu rangi za zamani, hasa nyekundu na njano, huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hatukupiga msasa mkavu hata mara moja, na mwanangu hakuruhusiwa kukaribia. Mahali palipokuwa pabaya sana alitumia mwenyewe msasa laini namba 2000, ukiwa umelowa maji, kwa mikono miepesi kama anayemnyoa mtoto.

Jumamosi ya tatu tulifika kwenye buti. Stika ya Safari Rally ilikuwa imepasukapasuka na haisomeki. Mzee aliilowesha kwa tambara la maji moto, akaivuta pole pole. Chini yake kulikuwa na duara la nyekundu ambalo sikuwa nimeliona tangu utotoni: nyekundu ya kuiva kabisa, yenye kina. Jua lilikuwa halijaligusa kwa miaka zaidi ya 30.

Nilimwambia nataka gari zima liwe hivyo.

"Haliwezi, binti wa mwalimu," akasema, kwa kuwa wakati huo alikwisha kujua habari za baba. "Tutakaribia. Hatutafika."

Alisema kweli. Milango ilikaribia sana. Boneti ilikaribia kiasi. Paa lilikataa kabisa. Rangi yake ilikuwa na nyufa nyembamba kama matope ya bwawa lililokauka, na pembeni, karibu na mfereji wa maji, kutu ilikuwa imeanza kufura kama malengelenge. Hapo polishi haina kazi. Mzee alitafuta fundi anayemwamini, kutu ikakwanguliwa hadi kwenye chuma, praima ikapakwa, na paa pamoja na ukingo wa boneti vikapulizwa kwa shilingi 18,000, kwa rangi iliyochanganywa kufuata ile ya milango.

Mwisho tulipaka polishi laini, kisha nta. Nta nzuri ya magari hutokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazil. Haitibu chochote. Kazi yake ni kukinga tu, na kwa jua letu inafaa irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Maji yakimwagwa juu yake yakakusanyika kama shanga, bado ipo. Yakitandaa, imekwisha.

Kurudi Kajiado

Tulirudi nyumbani mwezi wa nne. Nilisimamisha gari mbele ya nyumba badala ya nyuma ya stoo. Baba alikuwa amesikia mlio wa injini tangu barabarani na alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi.

Nilimshika mkono mwenyewe safari hii. Nilimweleza habari ya turubai njiani, kabla hajaligusa gari, kwa sababu sikutaka alisikie limekuwa zuri halafu uongo wetu upite hivi hivi. Alisimama kidogo. "Nilijua," akasema. "Turubai lina kelele zake usiku. Zilikoma zamani."

Aliweka kiganja kwenye boneti, akakipitisha hadi kwenye mlango, akazunguka hadi buti. Mkono wake uliteleza bila kukwama. Akanusa vidole vyake, akavisugua. Havikuwa na unga.

"Ni jekundu?" akauliza.

"Ni jekundu, baba. Lakini si kama zamani. Paa ni jipya na halifanani sana na milango. Na kwenye buti kuna duara iliyokoza, pale palipokuwa na stika."

"Duara iacheni," akasema. Kisha akamwita kaka. "Sasa tafuteni mnunuzi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Miezi mitatu nilikuwa nimejitayarisha kumtetea baba dhidi ya mama na kaka, nikiamini kwamba yeye angetaka gari libaki. Nikamuuliza kama hataki kubaki nalo.

"Nibaki nalo nilifanyie nini, mwanangu? Mama yako anahitaji maji," akanijibu. "Niliponunua nilinunua gari, sikununua vyuma. Likiondoka hapa, liondoke likiwa gari."

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Bissil, ambaye alisema alisafiri kwenda shule ya bweni ndani ya Peugeot kama hiyo, wanne wakibanana kiti cha nyuma. Aliliendesha hadi barabarani na kurudi. Alitoa shilingi 190,000. Nilikuwa nimetumia 77,500 kwa jumla: betri, magurudumu, makanika, bima na petroli, polishi na nta, malipo ya mzee na kupuliza paa. Ukitoa hizo, zilibaki 112,500, karibu mara tatu ya bei ya vyuma kuukuu. Kaka alifanya hesabu hiyo mwenyewe mara mbili, kisha akaniomba msamaha ambao sikuwa nimemdai.

Siku gari lilipochukuliwa baba aliketi nje akasikiliza mlio wake hadi ulipopotea upande wa Bissil. Mimi ndiye niliyeingia ndani nikalia. Yeye aliomba chai.

Tangi liko mahali gari lilipokuwa, nyuma ya stoo, la lita elfu kumi, na mabomba yanaliletea maji kutoka kwenye paa la mabati. Mvua za mwishoni mwa 2023 zililijaza hadi likafurika, na mama sasa huwapimia majirani maji wakipungukiwa.

Nami nina gari langu dogo la mtumba, lenye kliya. Kila ninapolipaka nta wapita njia wa Kitengela husimama kuuliza kama ninaliuza. Nawaambia siliuzi, nalitunza. Nalo huegeshwa kivulini, na likikosa kivuli, leo linatazama mashariki, kesho magharibi.

Msomaji, huenda nawe una gari la mzazi wako lililosimama mahali fulani likipauka. Nenda na tambara jeupe na polishi kidogo, usugue mahali padogo, uone litatoka na nini. Ukiona bado kuna rangi, usingoje mwaka mwingine. Na kama mwenye gari yungali hai, mwambie ukweli kuhusu turubai.